Folda za pamoja kwenye seva nyingi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na ofisi za Lamu

Majibu haya ni kwa ofisi zenye watu Amu mjini, Mokowe, Mpeketoni, na Faza na Kizingitini kisiwani Pate, ambako kila tawi lilijinunulia seva yake kwa wakati wake na sasa hakuna anayejua faili gani iko wapi. Wanaouliza ni wahasibu, makarani, wakuu wa ofisi na mafundi wenzetu. Mengi yanahusu seva za Windows kwa kuwa ndizo zilizojaa maofisini. Wenye Linux wana swali lao huko chini. Msimamo wetu ni mmoja tangu mwanzo: mfanyakazi ajue jina la kazi anayoifanya, asilazimishwe kujua jina la mashine.

Fundi, tuna seva tatu na faili zimetapakaa. Tuanzie wapi?

Anzeni na daftari. Msinunue kitu bado. Kwa kila seva, andikeni folda zake zote za pamoja: jina, idara inayohusika, wanaoifungua, ukubwa wake, na lini mara ya mwisho faili ndani yake ilibadilishwa. Amri ya `net share` kwenye Windows itaonyesha folda zote zilizofunguliwa mtandaoni, pamoja na zile zilizofichwa kwa alama ya dola mwishoni mwa jina. Hizo za dola zitazameni kwa makini, maana nyingine zilifunguliwa na fundi aliyeondoka zamani na hakuna anayezikumbuka.

Kisha keti na mtu mmoja wa kila idara, mfungue folda pamoja. Kazi hii haiwezi kufanywa na fundi peke yake usiku. Utakuta "Bajeti mpya", "Bajeti mpya 2", "Bajeti mpya ya mwisho" na "Bajeti mpya ya mwisho YA KWELI". Ya kwanza iko Amu, mbili ziko Mokowe, na ya nne iko kwenye kompyuta ya karani aliyehamishwa. Muulize mhasibu anatumia ipi. Usishangae akikwambia anatumia ile aliyotumiwa kwa WhatsApp.

Mkimaliza, gawanyeni kila kitu mafungu matatu: faili zinazofanyiwa kazi sasa, kumbukumbu zilizofungwa, na zisizo na mwenyewe. Za fungu la tatu msizifute. Ziwekeni kando, zisomeke tu bila kuandikika, na zikae hapo mpaka mwaka mmoja wa fedha upite. Atakayezihitaji atajitokeza wakati wa ukaguzi wa hesabu.

DFS ni nini hasa?

DFS, kifupi cha Distributed File System, ndiyo njia tunayowapendekezea ya kuunganisha folda za matawi. Ni huduma iliyomo ndani ya Windows Server inayokuwezesha kujenga mti mmoja wa majina juu ya seva nyingi. Mfanyakazi anaona `\\ofisi.lan\kazi`, na ndani yake folda za Hesabu, Ardhi, Wafanyakazi na Uvuvi. Kila jina linaelekeza kwenye folda halisi iliyo katika seva fulani. Hesabu inaweza kuwa Mokowe, Ardhi ikawa Amu, na Uvuvi ikawa Faza, na mtumiaji asihisi kwamba amevuka bahari.

Kompyuta inapoomba `\\ofisi.lan\kazi\Uvuvi`, seva inayotunza mti wa majina huijibu kwamba faili ziko seva ya Faza, na kazi yake huishia hapo. Kuanzia hapo kompyuta huzungumza na Faza moja kwa moja. Ni kama mtu unayemuuliza njia pale gatini: anakuonyesha kichochoro cha kupita, hakubebei mzigo. Kwa hiyo seva ya mti wa majina haihitaji diski kubwa wala nguvu nyingi, na faili hazipiti ndani yake.

Kompyuta huyakumbuka maelekezo hayo kwa muda. Kwa mipangilio ya kawaida ni sekunde 300 kwa mzizi wa mti na sekunde 1800, yaani nusu saa, kwa folda zilizo chini yake. Ukihamisha folda na mtu akakupigia simu kwamba bado anapelekwa kwenye seva ya zamani, mwambie asubiri nusu saa au aizime kompyuta na kuiwasha tena, kabla hujaanza kupekua mipangilio.

Mti wenyewe ni wa aina mbili. Mmoja hukaa ndani ya seva moja tu, na seva hiyo ikifa majina yote yamekufa nayo. Wa pili husajiliwa kwenye domeni (kundi la kompyuta na watumiaji wa ofisi linalosimamiwa pamoja), ndani ya Active Directory, yaani rejista ya Windows ya watumiaji na kompyuta hizo, na unaweza kutunzwa na seva kadhaa kwa pamoja. Kwa ofisi yenye matawi chukueni huu wa pili, na muuweke kwenye seva mbili zisizo katika jengo moja. Utakapouunda utaulizwa kama unataka hali ya Windows Server 2008. Kubali, kwa kuwa bila hiyo hutapata uwezo wa kuwaficha watu folda wasizoruhusiwa kuzifungua.

Sisi tumezoea draivu Z na draivu Y. Zina ubaya gani?

Herufi yenyewe haina ubaya. Tatizo linaanza pale Z ya Amu inapokuwa seva moja na Z ya Mokowe seva nyingine. Karani wa Amu anamwandikia mwenzake, "Ripoti iko Z, folda ya Machi." Mwenzake anafungua Z yake, hakuna folda ya Machi, naye anaunda mpya. Kufikia mwisho wa wiki ripoti zimekuwa mbili na hazifanani.

La pili ni viungo vya Excel, nalo huumiza zaidi. Jedwali la makusanyo linavuta takwimu kutoka majedwali mengine, na ndani yake zimeandikwa njia kama `\\SEVA1\data\2023\`. Siku SEVA1 itakapostaafishwa, majedwali yote yanayoitegemea yatabaki yakitafuta mashine isiyokuwepo. Mtu hugundua tarehe ya mwisho ya kuwasilisha ripoti, saa ambayo hakuna anayeweza kutulia na kurekebisha kiungo kimoja kimoja. Njia ikiwa `\\ofisi.lan\kazi\Hesabu\`, seva itabadilishwa hata mara tatu na jedwali halitajua.

Kama watu wenu hawawezi kuishi bila herufi, wapeni moja tu, K kwa mfano, iwe ni ile ile ofisi zote, na ielekezwe kwenye mzizi wa mti. Isambazeni kwa sera ya domeni ili asiwepo wa kuiweka kwa mkono.

Folda zigawanywe kwa idara, kwa mwaka au kwa tawi?

Swali hili ndilo linaloamua kama mpango wenu utadumu, na ndilo watu wanalolipita haraka wakimbilie kufunga programu.

Ngazi ya kwanza iwe kazi. Tunasema kazi kwa sababu idara huvunjwa, huunganishwa na kubadilishwa majina kila uongozi unapobadilika, lakini kulipa mishahara ni kulipa mishahara. Folda inayoitwa Mishahara itaeleweka miaka kumi ijayo. Folda inayoitwa "Kurugenzi ya Huduma Shirikishi" itamchanganya hata aliyeiunda. Msitumie majina ya watu kabisa: folda ya "Bw. Omari" inageuka fumbo siku Bw. Omari anapostaafu.

Tawi liwe ngazi ya kwanza pale tu kazi yenyewe ni ya mahali. Rejista ya boti za Kizingitini ni ya Kizingitini. Bajeti si ya mahali, hata kama anayeiandika anakaa Mokowe.

Mwaka uje ngazi ya pili au ya tatu, na hapa kubalianeni ni mwaka gani. Serikali ya kaunti huhesabu kuanzia tarehe 1 Julai hadi 30 Juni, kwa hiyo folda ya "2024" peke yake haisemi kitu, iandikwe 2024-2025. Ofisi za wakfu na madrasa zenye kumbukumbu za Hijria zina haki ya kuendelea nazo, ila miaka miwili ya kalenda tofauti isipangwe kwenye orodha moja. Mwaka 1446 ulianza Julai 2024 ukaisha Juni 2025. Mtu akiona 1446 na 2025 pamoja, hatajua kwamba ni kipindi kimoja au viwili. Wekeni Hijria kwenye folda yake yenye jina lililo wazi.

Tarehe zianze na mwaka: 2025-03-14. Kompyuta itazipanga zenyewe kwa mfuatano. Saa ziandikwe kwa mfumo wa saa 24, 0900 au 1500, maana "kikao cha saa 3" mmoja atakisoma asubuhi na mwingine, aliyeitazama saa ya simu yake, atakisoma alasiri.

Nambari za barua zina mkwaju (/) ndani yake, na Windows haikubali mkwaju katika jina la faili, wala nukta mbili, alama ya kuuliza, nyota na alama za kufungulia maneno. Badilisheni mkwaju kwa kistari, ofisi zote kwa namna moja. Tumeona tawi moja likitumia kistari, jingine nukta, na la tatu likiondoa alama yote, na barua ile ile haitafutiki.

Kina kisizidi ngazi tatu kabla ya kumwachia mfanyakazi nafasi ya kupanga mwenyewe. Programu nyingi za Windows hukwama njia ya faili inapofika herufi 260, pamoja na jina la seva na folda zote. Ukiwa na folda saba zilizochukuana, kila moja ina jina refu kama sentensi, utafika huko bila kujua, na dalili ya kwanza itakuwa faili inayoonekana lakini haifunguki wala haifutiki.

Kwa nini mtu ana ruhusa na bado anakataliwa?

Kwa sababu milango ni miwili. Kuna ruhusa za folda ya pamoja, zinazomhusu anayeingia kupitia mtandao, na kuna ruhusa za NTFS, mfumo ambao Windows hupangia faili diskini, zilizo kwenye faili zenyewe. Anayepita mtandaoni huzipitia zote mbili, na inayobana zaidi ndiyo inayoshinda. Ukimpa kuandika kwenye NTFS na folda ya pamoja ikasema asome tu, atasoma tu.

Tunachopendekeza ni mlango wa kwanza uwe mpana, ukiruhusu kubadilisha kwa kila aliyeingia na nenosiri la domeni, na ubaguzi wote ufanyike kwenye NTFS. Mkigawanya ulinzi sehemu mbili, kila kukataliwa kutakuwa uchunguzi wa nusu siku.

Ruhusa wapewe makundi, kamwe wasipewe watu mmoja mmoja. Tengenezeni kundi la "Hesabu-waandika" na la "Hesabu-wasoma", kisha mhasibu atiwe ndani ya kundi. Akihamishwa kutoka Faza kwenda Mokowe, unamtoa kundi moja unamtia jingine, na kazi imeisha. Mkumbushe atoke kwenye kompyuta na kuingia upya, kwa sababu orodha ya makundi yake husomwa anapoingia. Hili peke yake linamaliza simu nyingi za asubuhi.

Epukeni ruhusa ya kukataza. Mtu akiwa kwenye makundi matatu na moja lina katazo, katazo linayashinda mengine, na utamtafuta mchawi usimpate.

Washeni pia ule uwezo wa kuficha. Asiyeruhusiwa Mishahara asiione folda ya Mishahara kwenye orodha. Uwashwe kwenye mti wa majina na kwenye folda ya pamoja pia, vyote viwili. Katika ofisi ndogo ambazo watu ni ndugu na majirani, jina la folda ya nidhamu likionekana tu, maneno yameshaanza mtaani.

Tunaweza kuwa na nakala ya folda ile ile Amu, Mokowe na Faza, zikijisawazisha zenyewe?

Mnaweza. Huduma yake inaitwa DFS Replication, ilikuja na Windows Server 2003 R2, nayo ni kitu tofauti na mti wa majina. Unaweza kuwa na kimoja bila kingine. Faili ikibadilika upande mmoja, hupeleka sehemu zilizobadilika tu, ambayo ni nafuu kubwa kwa laini nyembamba inayovuka bahari.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo tunamsihi kila mkuu wa ofisi alielewe kabla ya kutia saini. Huduma hii haifungi faili upande wa pili. Mtu wa Amu akifungua jedwali asubuhi, na mtu wa Faza akalifungua lile lile kwenye seva yake, wote wawili wataruhusiwa kuandika na hakuna atakayeonywa. Aliyehifadhi mwisho ndiye atakayebaki. Kazi ya mwenzake hutupwa kwenye folda iliyofichwa iitwayo `ConflictAndDeleted`, ambayo ina kikomo cha ukubwa, na ikijaa vya zamani hufutwa. Mfanyakazi aliyepoteza kazi ya siku nzima namna hii huacha kuiamini seva, na ana haki. Anarudi kuhifadhi kwenye kompyuta yake, na mpango wote umerudi nyuma.

Basi gawanyeni hivi. Vinavyosomwa na wengi na kubadilishwa na wachache, kama fomu, sera, ramani na picha za kumbukumbu, nakilini kila tawi. Majedwali yanayoandikwa na watu wa matawi mawili yawe na folda halisi moja tu inayofanya kazi, na nakala ya pili iwepo lakini izimwe kwenye mti wa majina, isubiri dharura. Hifadhidata za Access, faili za programu za uhasibu na faili za barua za Outlook zenye mwisho wa `.pst` zisiguswe na huduma hii hata kidogo: hukaa wazi siku nzima, na faili iliyoshikwa hainakiliki mpaka iachiwe.

Kuhusu kuanza, msipitishe gigabaiti mia tano kwenye laini ya Faza. Nakilini kwa Robocopy, amri ya Windows ya kunakili faili, kwenye diski ya nje mkiwa Mokowe, mtu aichukue kwa boti maji yakiwa yamejaa pale mkondo wa Mkanda, aimwage kwenye seva ya Faza, ndipo muwashe unakilishaji. Huduma italinganisha pande mbili na kupeleka tofauti tu. Diski iwe imefungwa kwa nenosiri la BitLocker, ufungaji wa diski wa Windows, na iwe ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Angalieni pia folda ya maandalizi ambayo faili hupita kabla ya kusafiri. Kikomo chake cha kawaida ni gigabaiti 4. Pimeni faili 32 kubwa zaidi katika folda yenu, mjumlishe, na kikomo kisiwe chini ya hapo. Kikiwa kidogo, seva inasafisha na kuandaa upya bila kwisha, na mtaona unakilishaji unakwenda kwa mwendo wa kobe.

Na seva ikikaa imezimwa au imekatika zaidi ya siku 60, Windows za kuanzia 2012 huizuia isijiunge tena yenyewe, isije ikarudisha faili zilizofutwa zamani. Kwa tawi ambalo laini yake hufa muda mrefu, hiyo tarehe iwekwe kwenye kalenda ya mtu.

Mbona nikiwa Faza folda inafunguka polepole, na seva iko chumba cha pili?

Huenda hutumii seva ya chumba cha pili. Bonyeza folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua sifa zake, na utafute kichupo kilichoandikwa DFS. Pale utaona orodha ya seva na ipi kati yake inayotumika sasa hivi. Ikiwa wewe uko Faza na palepale panaonyesha Mokowe, tatizo limeshajulikana.

Sababu huwa ni ile ile karibu kila mara: anwani za mtandao wa Faza hazikusajiliwa kwenye Active Directory. Domeni hujua kompyuta iko wapi kwa kutazama anwani yake ya IP na kuilinganisha na saiti, yaani orodha ya matawi na anwani zake, zilizoandikwa humo. Ruta mpya ilipofungwa, anwani zikabadilika, na hakuna aliyeiambia domeni. Isajili, kompyuta iwashwe upya, na itaelekezwa seva ya karibu.

Kama kweli folda ni ya seva ya mbali, basi kinachochelewesha ni mazungumzo. Kufungua folda moja yenye faili elfu tatu ni maulizo mengi yanayokwenda na kurudi, na kila safari ina gharama yake hata laini ikiwa pana. Punguza faili ndani ya folda moja, na zima picha ndogo za onyesho. Amu mjini kuna la ziada: kuta za mawe ya matumbawe ni nene na Wi-Fi haizipenyi. Kabla ya kulaumu seva, chomeka waya.

Tukiwa na nakala seva tatu, bado tunahitaji bakapu?

Ndiyo, tena sana. Unakilishaji hupeleka kila badiliko, likiwemo baya. Mtu akifuta folda Mokowe, inafutika Faza. Virusi vya kudai fidia vikizifunga faili Amu, faili zilizofungwa husafirishwa kwa uaminifu ule ule hadi Mpeketoni.

Kuwe na nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya jengo. Kwa ofisi ya Amu, nje ya jengo iwe na maana ya nje ya kisiwa. Nyumba zimebanana na gari la zimamoto haliingii vichochoroni. Diski ya bakapu iliyo ghorofa ya juu ya seva si nakala ya pili. Moja kati ya nakala iwe diski inayochomolewa kabisa ikimaliza kazi, maana virusi haviwezi kufika kwenye kitu ambacho hakikuchomekwa.

Washeni pia matoleo ya awali kwenye kila diski yenye folda za pamoja. Windows huweza kushika hadi matoleo 64 kwa diski. Si bakapu, lakini humwokoa aliyefuta faili kabla ya chakula cha mchana. Na kila robo mwaka mtu ajaribu kurudisha folda moja kutoka bakapu na kuifungua. Bakapu ambayo haijawahi kurudishwa isihesabiwe.

Zimeni toleo la 1 la SMB, njia ambayo Windows hushirikishia folda mtandaoni. Ndiko virusi vya kudai fidia vya WannaCry vilikopitia Mei 2017. Ikiwa mashine yenu ya fotokopi haiwezi kutuma skani bila toleo hilo, tafuteni masasisho yake, au iwe inatuma kwa barua pepe.

Umeme, joto na chumvi ya bahari vinahusu nini na folda?

Umeme ukikatika ghafla, hifadhidata ya unakilishaji hufungwa vibaya. Kwenye Windows Server 2008 R2 na 2012, huduma inaweza kusimama hapo ikisubiri amri ya mtu, ikiwa imeacha tukio nambari 2213 kwenye logi. Ofisi huendelea na kazi wiki nzima zikidhani faili zinasafiri. Mwenye zamu azitazame logi kila asubuhi, na UPS, yaani betri ya akiba ya seva, iunganishwe na seva kwa waya wake wa data ili seva ijizime yenyewe kwa utaratibu betri ikikaribia kwisha. UPS isiyo na waya huo hununua dakika chache tu.

Seva isikae karibu na dirisha la upande wa bahari, hasa msimu wa kusi. Chumvi hula viunganishi, na dalili zake ni mtandao unaokatika na kurudi bila mpango.

Hatuna pesa za leseni. Linux inaweza?

Inaweza, kwa Samba, programu huria ya kushirikisha folda na Windows ambayo Andrew Tridgell aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1992. Kwenye faili yake ya mipangilio, `smb.conf`, andika `host msdfs = yes` sehemu ya jumla, na `msdfs root = yes` kwenye folda itakayokuwa mzizi. Ndani ya mzizi huo unaunda viungo:

`ln -s 'msdfs:seva-faza\uvuvi' uvuvi`

Majina ya viungo yawe herufi ndogo. Kompyuta za Windows zitaelekezwa kama kawaida. Usawazishaji wa DFS Replication haumo. Tumieni rsync, programu ya kunakili yaliyobadilika, usiku kwa mwelekeo mmoja, kutoka tawi kwenda makao. Kwa ofisi ya watu kumi na tano huu ni mpango wa heshima kabisa, alimradi awepo mtu wa kuutunza.

Kwa nini tusipeleke kila kitu kwenye wingu?

Baadhi pelekeni. Nyaraka zinazoandikwa na watu wawili kwa wakati mmoja zinafaa zaidi huko. Ila jiulizeni ofisi itafanya nini siku laini ya nje imekufa. Mwenye faili kwenye seva ya ndani ataendelea kufanya kazi.

Sheria inasemaje kuhusu nakala za vitambulisho tulizoskani?

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawahusu. Data za watu zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, Kamishna wa Data anatakiwa aarifiwe ndani ya saa 72 tangu mlipojua. Kwa hiyo mnatakiwa kujua folda zipi zina data hizo, na nani alizifungua. Ziwekeni pamoja kwenye tawi lake la mti, na muwashe ukaguzi wa ufunguaji faili hapo.

Tunahamishaje bila kusimamisha kazi?

Nakilini kwanza huku watu wakiendelea. `robocopy chanzo mwisho /E /COPYALL /R:1 /W:1 /LOG:uhamisho.txt` inabeba faili pamoja na ruhusa zake, na faili iliyoshikwa na mtu inarukwa badala ya kungojewa. Jioni ya Ijumaa watu wakishatoka, irudieni. Sasa itachukua yaliyobadilika tu. Muwe waangalifu na `/MIR`, kwani hufuta upande wa pili chochote kisichokuwepo upande wa kwanza, na mtu akigeuza chanzo na mwisho, folda nzima imekwenda.

Kisha ongezeni seva mpya kwenye mti wa majina, zimeni ile ya zamani, na faili za zamani ziachwe zikisomeka tu kwa mwezi mmoja. Msifanye haya wiki za mwisho za Juni, hesabu zikifungwa, wala wiki ya Maulidi: boti zimejaa, na anayejua faili zenyewe hayupo ofisini.

Faili niliyoifanyia kazi jana haipo. Nifanye nini sasa hivi?

Usihifadhi kitu kingine kwa jina lile lile. Tazama kwanza folda jirani, ya juu na ya chini. Mara nyingi mtu ameivuta kwa kipanya bila kukusudia, na iko hatua moja kutoka ilipokuwa. Usipoiona, bonyeza folda yenyewe kwa kitufe cha kulia, chagua matoleo ya awali, fungua la jana, na unakili faili kwenye meza ya kompyuta yako. Usibonyeze kurejesha folda nzima, maana utafuta kazi ya leo ya wenzako. Ikishindikana, piga simu kwa mwenye zamu ukiwa na mambo matatu: jina la faili kama unavyolikumbuka, njia ya folda kuanzia `\\ofisi.lan\kazi`, na saa uliyoiona mara ya mwisho.